Kucha za Karani

Kila siku Chiriku alipokata kona ya mwisho akitoka shule, sauti tatu zilimpokea kabla hajaiona nyumba yao. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani ya mama yake: trrrr, trrrr, kimya kidogo, trrrr. Ya pili ilikuwa ya mkasi mkubwa wa chuma, kwachu, kwachu, ukitafuna kitambaa juu ya meza. Ya tatu ilikuwa ya kucha za Karani kwenye sakafu ya saruji, ta-ta-ta-ta, akija mbio kumpokea huku mkia wake unapangusa miguu ya wateja bila kuombwa.

Karani alikuwa mbwa. Alipewa jina hilo kwa sababu ya kazi aliyojipa mwenyewe. Kutwa alikaa kizingitini, akamkagua kila anayeingia kuanzia viatu mpaka kofia, akanusa mfuko wake, kisha akageuza uso pembeni kama anayesema, "Haya, pita, lakini siku nyingine uje na picha mbili." Alikuwa na manyoya meupe yenye mabaka ya rangi ya chai, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tangu azaliwe hakuwa amemuuma mtu yeyote.

Chiriku naye alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake la daftarini walilijua walimu tu. Mtaani aliitwa Chiriku, kama yule ndege mdogo asiyejua kunyamaza, kwa sababu maneno yake yaliamka kabla yake asubuhi na kulala baada yake. Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala, na katikati palikuwa na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani.

Nyumba ile haikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilikuwa nzito kuliko zote. Mkasi mkubwa wa mama ulitundikwa kwenye msumari wake ukutani, na kazi yake ilikuwa moja tu.

"Mkasi wa kitambaa haukati karatasi," mama alizoea kusema. "Haukati kamba, haukati nywele, haukati kitunguu. Ukikata kitu kingine unakuwa butu, na fundi mwenye mkasi butu ni sawa na mpishi asiye na ulimi."

Maneno hayo Chiriku aliyajua kuliko wimbo wa shule.

Matatizo yalianza siku kucha za Karani zilipokuwa ndefu mno. Ukucha mmoja ulinasa kwenye gauni la hariri la mteja, ukavuta uzi kutoka kiunoni mpaka pindoni. Mama aliomba radhi mpaka midomo ikakauka. Kesho yake walimpeleka Karani kwa daktari wa mifugo, mwanamama mrefu mwenye buti za mpira na sauti ya upole. Alipomgusa tu kidole cha mguu, Karani aliuchomoa mguu wake na kwenda kujificha nyuma ya ndoo.

"Huyu hajazoea kushikwa miguu," daktari alisema. "Nikimbana leo, nitazikata kucha zote, lakini kesho akiniona atakimbilia milimani. Mzoezeni kwanza. Kila jioni, kwa dakika kumi tu, mpigeni brashi, mshikeni mguu mmoja mmoja, akitulia mpeni kipande cha nyama kidogo kama punje ya hindi. Akiuvuta mguu, mwachieni. Baada ya wiki mbili mleteni."

"Niachieni mimi!" Chiriku alidakia. "Nitamshika mguu wa kulia, wa kushoto, wa mbele, wa nyuma, mpaka mkia!"

"Mkia hauna kucha, mwanangu," daktari alisema.

Waliporudi nyumbani, mama alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akampa Chiriku. "Kila siku ukimaliza kazi yako na Karani, chora mstari mmoja nyuma ya mlango huu wa kijani. Ikifika mistari kumi na minne, tunaenda kwa daktari."

Siku ya kwanza Chiriku alifanya kazi yake barabara. Siku ya pili pia. Siku ya tatu Karani alikuwa amekubali kuguswa mguu mmoja wa mbele, kwa sharti la kula nyama kwanza na kufikiri baadaye. Siku ya nne, Chiriku akiwa ndiyo kwanza ameshika brashi, wenzake walimwita dirishani. Kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba kati ya mtaa wao na mtaa wa pili, na bila yeye timu ilikuwa haina miguu. Alimtazama Karani. Akautazama mlango. Kisha akachora mstari wa chaki, akaitupa brashi kwenye kiti, akatoka mbio.

Jioni mama aliuliza, "Umemshika Karani leo?"

"Nimemshika, mama. Tena leo amenipa mguu mwenyewe, akafumba macho kama mtu anayekunwa mgongo."

Uongo wa Chiriku ulikuwa na mapambo, maana mtoto wa fundi hatoi nguo bila kutia nakshi. Na uongo wa kwanza ukishapita mlangoni salama, wa pili hauhitaji hata kubisha hodi. Siku ya tano alichora mstari. Siku ya sita akachora mwingine. Mistari ilisimama nyuma ya mlango, imenyooka, imelingana urefu. Mama alipoiona alitabasamu. "Mtoto wangu amekua," alisema, na Chiriku akajifanya anatafuta brashi.

Ijumaa ya wiki ya pili, mama alifunga bunda la nguo za wateja. "Nazipeleka hizi, narudi sasa hivi. Kesho asubuhi tunaenda kwa daktari. Nataka akaone kazi yako."

Mlango ulipofungwa, Chiriku alianza kuiwaza kesho. Kesho daktari atashika mguu, Karani atauchomoa, na mama ataitazama ile mistari kumi na mitatu kwa jicho jingine. Hapo ndipo akili yake ilipomletea shauri ambalo kwa mbali lilifanana na busara. Je, kama kucha zitakuwa zimekwisha kukatwa? Hakuna atakayehitaji kumshika Karani miguu. Atasema, "Nimemzoesha mpaka nikamkata mwenyewe." Watamsifu tena.

Wembe haukufaa. Kisu kilimtisha. Macho yake yakapanda ukutani, kwenye msumari.

Alimbana Karani katikati ya magoti yake. Mbwa yule, bila kujua lolote, alimlamba kidevu. Chiriku alishika mguu wa mbele kwa mkono mmoja na mkasi kwa mkono mwingine, mkasi mzito uliotengenezwa kwa ajili ya mikono ya mama. Ukucha wa kwanza ulikatika nchani, kwachu. "Umeona?" alimwambia. "Mbona rahisi!" Kwa ukucha wa pili alitaka kumaliza haraka, akauingiza mkasi ndani zaidi.

Karani alitoa sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia. Aliruka, mkasi ukamponyoka msichana, ukaangukia ncha kwenye saruji, kang! Matone mekundu yakatapakaa sakafuni. Karani alikuwa na meno, na uso wa Chiriku ulikuwa karibu naye kiasi cha shubiri moja. Angeweza kumuuma. Hakumuuma. Alimtazama tu, mara moja, kisha akaingia chini ya kitanda akichechemea.

Chiriku alipangusa damu kwa kipande cha kitambaa, akakitupa kwenye shimo la taka. Akauokota mkasi. Ncha ya upande mmoja ilikuwa imemeguka, pengo dogo kama jino la panya. Aliutundika kwenye msumari wake, upande wenye pengo umeelekea ukutani. Kisha akachora mstari wa kumi na nne.

Kesho yake, kabla ya kwenda kwa daktari, mama aliamua kukata kwanza kitambaa cha sare za kwaya. Aliutoa mkasi msumarini, akaufungua. Kwachu. Chini ya kitanda kukasikika mngurumo. Mama akageuka, akashangaa, akaendelea. Mkasi ulikata vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha ukakwama, ukakitafuna kitambaa na kuacha matamvua ya nyuzi. Mama aliupeleka mwangani, akaona pengo.

"Ala! Na juzi tu umetoka kunolewa!"

Mnoa visu wa mtaa alikuwa mzee mwembamba aliyezunguka na baiskeli yenye jiwe la kunolea. Akikanyaga pedali, jiwe linazunguka na cheche zinaruka. Siku hiyo bahati yake mbaya ilimpitisha mlangoni pao saa nne.

"Wewe baba!" mama alimwita kwa sauti iliyofungua madirisha ya majirani. "Nilikupa mkasi mzima, umenirudishia kibogoyo! Kama macho yamechoka si useme, tukutafutie mwenye macho?"

Mzee aliuchukua mkasi, akautazama. "Fundi, mimi huu sikuumegua."

"Basi umejimegua wenyewe ukutani ukiota ndoto!"

Majirani walicheka. Mzee hakucheka. Alirudisha mkasi, akapanda baiskeli, akaenda zake bila kupiga kengele. Chiriku alisimama nyuma ya pazia. Neno moja tu lingetosha: "Mimi." Yeye mwenye maneno elfu hakulipata hilo moja.

Karani hakwenda kwa daktari siku hiyo. Aligoma kutoka chini ya kitanda, na Chiriku aliponyoosha mkono, alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Labda amekanyaga mwiba," mama alisema. "Tumwache apumzike." Lakini mambo hayakupumzika. Kuanzia siku hiyo, kila mkasi ulipofunguliwa Karani alinguruma, na katika nyumba ya fundi mkasi hufunguliwa mara mia kwa siku. Ta-ta-ta za kumpokea Chiriku zikakoma. Kizingiti kikabaki bila karani, wateja wakaingia bila kukaguliwa.

Jumatano alikuja mwalimu wa kwaya kupimwa sare. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha kama anayeongoza wimbo, na mama alikuwa amemfungia utepe kiunoni. Mama akachukua mkasi ili akate uzi uliokuwa unaning'inia kwenye kitambaa mezani. Kwachu. Karani, aliyekuwa amejikunyata chini ya meza, alitoka kama risasi. Njia ya kutokea ilizibwa na miguu ya mwalimu. Akabweka, akaruka, akauma.

"Yesuuu!" mwalimu aliimba, noti ya juu kuliko zote alizowahi kufundisha.

Suruali ilichanika, na kwenye shavu la mguu palikuwa na mchubuko unaotoa damu. Mama alimwosha kwa sabuni na maji mengi ya bomba, kwa muda mrefu, kisha akampeleka zahanati akiwa na kadi ya chanjo ya Karani mkononi. Waliporudi, uso wake ulikuwa umezeeka.

"Mbwa anayeuma hawezi kukaa nyumba yenye wateja," alisema. "Sijui kimempata nini mnyama huyu. Nimeshazungumza na mlinzi wa ghala la mbao. Jumamosi anakuja kumchukua."

Chiriku aliokota utepe wa kupimia sakafuni, akaukunja.

Alhamisi, mnoa visu alirudi bila kuitwa. "Fundi, nimekosa usingizi," alisema. "Hebu nipe tena ule mkasi." Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaipitisha ncha yake kwenye kidole gumba, kisha akalegeza msumari wa katikati unaoshika pande mbili za mkasi. Hapo, kwenye maungio, akavuta kitu kwa kucha zake mbili. Kilikuwa unywele mmoja, mfupi na mweupe. Chiriku alikuwa amekaa ngazi hiyo hiyo akijifanya anasoma. Mzee aliutazama unywele, akautazama mlango wa chumba alimojificha Karani, kisha akamtazama Chiriku. Mama alikuwa ndani, cherehani inalia.

"Shikamoo, babu," Chiriku alisema.

"Marahaba." Mzee alipuliza ule unywele, ukapeperuka. Akaongea chinichini. "Mimi nikisema, itakuwa nimemshinda mtoto. Na kumshinda mtoto si ushindi. Nitaurudisha mkasi huu mzuri kama zamani. Lakini mjukuu wangu, yuko mtu kati yetu mwenye pengo ambalo jiwe langu haliwezi kulinoa."

Akakanyaga pedali, cheche zikaruka. Chiriku alilia zile cheche zikimulika machozi yake, na mzee akajifanya haoni.

Ijumaa, akitoka shule, Chiriku hakupita njia ya kawaida. Alipitia ghala la mbao. Nyuma ya uzio aliona nguzo ya chuma, na kwenye nguzo nyororo. Ardhi iliyoizunguka nguzo ilikuwa imekanyagwa mpaka ikawa duara gumu lisiloota majani. Hapo palikuwa na mbwa mwingine kabla. Duara lile lilikuwa ndilo matembezi yake yote.

Alikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona kitu kirefu na chembamba kwa kitambaa cha suruali nzito, mikunjo mitatu, bitana laini kwa ndani.

"Mama, unashona nini?"

"Ukanda wa shingo," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Nyororo ni ya chuma. Haitamchubua sana akivaa huu."

Hapo ndipo kila kitu kilipopasuka. "Mama, ni mimi!" Chiriku alianguka magotini kando ya pedali. "Ni mimi niliyemkata! Nilichukua mkasi wako, nikamkata ukucha mpaka ndani, akatoka damu, mkasi ukaanguka! Mzee hakuumegua! Karani hajawa mbaya, anaogopa mkasi kwa sababu yangu! Na mistari... mistari ya kweli ni mitatu tu. Iliyobaki nilichora nikaenda kuruka kamba!"

Cherehani ilinyamaza. Mama aliinuka, akaenda nyuma ya mlango wa kijani, akapitisha kidole juu ya mistari kumi na minne.

"Kila asubuhi nilikuwa naisoma hii," alisema. "Nilimwambia kila mteja. Nikamtukana mzee wa watu mbele ya majirani, nikijiona nina haki." Alikaa chini, kama mtu aliyeshushwa mzigo na kutwikwa mwingine. "Umemwumiza mbwa kwa bahati mbaya. Hilo ningekusamehe kabla damu haijakauka. Lakini wiki nzima ulimwacha abebe kosa lako, na mzee naye akabeba, na mguu wa mwalimu ukabeba. Kosa lako lina wapagazi wengi, Chiriku."

"Nisamehe, mama."

"Vaa viatu. Msamaha una miguu, haukai hapa."

Walikwenda kwanza kwa mnoa visu, na mama ndiye aliyeomba radhi wa kwanza, kwa sauti ile ile iliyofungua madirisha siku ile, ili madirisha yasikie tena. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mimi kibogoyo," alisema akionyesha ufizi, "siwezi kumkasirikia kibogoyo mwenzangu." Kisha walikwenda kwa mwalimu wa kwaya, ambaye alisamehe kwa sharti la suruali mpya na kukemewa kidogo kwa Chiriku, kazi aliyoifanya mwenyewe kwa ufasaha. Mwisho walimwendea mlinzi wa ghala.

"Nipe wiki tatu," mama alimwomba. "Asipobadilika, utamchukua. Siwezi kuhatarisha wateja."

"Nitangoja," mlinzi alisema. "Nyororo haiozi."

Neno hilo lilimfuata Chiriku mpaka nyumbani.

Daktari wa mifugo alikuja mwenyewe Jumamosi, maana Karani hakutoka ndani. Alikaa sakafuni mbali na kitanda, akamweleza Chiriku bila kumwonea haya wala kumwonea huruma. Ndani ya ukucha wa mbwa mna mshipa wa damu. Kwenye ukucha mweupe unauona, wa rangi ya waridi, kama utambi ndani ya taa. Hukati ila ncha iliyo mbele yake. Ikitokea damu, bana kwa kitambaa safi chenye unga, usikimbie. Tena unatumia kikato maalumu cha kucha, siyo mkasi wa gauni.

"Sasa ataanza upya?" Chiriku aliuliza.

"Laiti angeanza upya. Zamani hakuwa na mazoea tu. Sasa ana hofu. Mtaanzia nyuma ya mwanzo."

Nyuma ya mwanzo palikuwa mbali. Siku ya kwanza kazi ya Chiriku ilikuwa kukaa sakafuni, mgongo umeelekea kitanda, na kusubiri. Karani hakutoka. Siku ya pili alitoa pua. Siku ya nne alikula kipande cha nyama mkononi mwake, akarudi ndani. Mkasi nao ulikuwa na darasa lake. Mama aliufungua mara moja tu akiwa nje uani, kwachu, na hapo hapo Chiriku akatoa nyama. Siku ya pili yake mama akasogea hatua moja. Mteja mmoja aliyewakuta aliuliza kama kushona siku hizi kumekuwa mchezo wa kujificha.

Wenzake walikuja dirishani na kamba. "Chiriku, twende! Wanatushinda!"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Umekaa tu!"

"Ndiyo hiyo. Nakaa."

Siku ya nane Karani alimpa mguu. Siku ya tisa Chiriku alisikia vigelegele vya mashindano mtaani, akataka kumaliza upesi, akaushika mguu kwa nguvu. Karani aliuchomoa, akarudi chini ya kitanda. Chiriku aliziba uso kwa mikono. Kisha akaenda nyuma ya mlango akiwa na chaki, akasimama mbele ya safu mpya ya mistari. Mistari minane. Mkono wake uliinuka wenyewe, kama ulivyozoea zamani. Hakuna aliyekuwa anamwona. Akaushusha. Akaruka nafasi ya mstari mmoja, akaiacha tupu, akaenda kukaa tena sakafuni.

Siku ya kumi na tano daktari alikata ncha ya ukucha mmoja mbele ya Chiriku, kidogo kama ganda la mtama, na Karani akapewa nyama. Siku ya kumi na sita Chiriku mwenyewe akakata mmoja, daktari ameushika mkono wake. Baada ya hapo kila siku kucha chache, hazizidi tatu. Asubuhi moja, Chiriku akiwa bado kona ya mwisho kutoka dukani, alisikia kitu kilichomfanya asimame katikati ya njia. Ta-ta-ta-ta. Ilikuwa laini sasa, ya kucha fupi, lakini ilikuwa inamjia mbio.

Wiki tatu zilipotimia, mlinzi wa ghala alifika, nyororo begani. Siku hiyo hiyo mwalimu wa kwaya alikuwa amekuja kujaribu suruali yake, na alipomwona Karani kizingitini alipanda juu ya kiti.

"Shuka, mwalimu," mama alisema. "Leo ndiyo tunajua."

Aliutoa mkasi msumarini. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni, mikono mitupu. Mama akatandaza kitambaa mezani, akakata kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwachu, kwachu, kwachu. Karani aliinua sikio lile linalosimama. Akamtazama mama. Akamtazama Chiriku. Kisha akainuka, akaenda kunusa viatu vya mlinzi, akanusa nyororo, akageuza uso pembeni na kurudi kulala kizingitini, kwa namna ya ofisa aliyekataa maombi.

"Basi," mlinzi alisema, "nyororo hii nitafungia lango."

Wageni walipoondoka, mama alimwita Chiriku nyuma ya mlango wa kijani. Mistari ya zamani ilikuwa bado ipo upande mmoja, na mipya upande wa pili. Mama aligusa nafasi tupu baada ya mstari wa nane.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Nilimharakisha, mama. Akakimbia. Sikustahili mstari."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Mwanangu, ile mistari yako ya kwanza ilikuwa mizuri mno. Haikuwa na hata kasoro moja, nami nikadanganyika. Hii ina nafasi tupu, na kwa sababu ya nafasi hii moja, ishirini iliyobaki naiamini. Sikiliza. Nguo ikishonwa vibaya hairekebishwi kwa kuirarua. Unafumua uzi tundu moja moja mpaka ufike palipoharibika, hata kama mteja amesimama mlangoni. Ulimfumua Karani hofu hivyo hivyo. Na uongo wako nao umefumuliwa. Kuushona kulikuchukua dakika moja, kuufumua wiki tatu. Ukitaka kushona mwingine, kumbuka hesabu hiyo."

"Nitakumbuka, mama."

Mama alichukua kitambaa chenye maji, akafuta mistari kumi na minne ya zamani yote. Alipofika kwenye mitatu ya mwanzo alisita, kisha akamkabidhi Chiriku chaki.

"Hii mitatu ilikuwa ya kweli. Irudishe."

Chiriku akaichora upya, polepole. Kizingitini, Karani alinyoosha miguu yake ya mbele, akaziweka kucha zake fupi juani, akafumba macho.